Tunaachana na mume wangu mstaafu wa jeshi la Marekani, kwenye pensheni na hela ya VA nina haki gani?

Bi_Msafiri

Wakuu habari zenu. Naombeni mwenye uelewa anisaidie maana kila nnayemuuliza ana jibu lake. Mume wangu alikuwa Army hapa Marekani, katumikia miaka 21 kamili ndo akastaafu. Ndoa yetu ina miaka 13, katika hiyo 9 alikuwa bado yuko jeshini na iliyobaki ameshavua gwanda. Kila mwezi anaingiziwa hela mbili tofauti, pensheni ya jeshi na hela ya ulemavu kutoka VA, ile idara ya serikali ya wanajeshi wastaafu, reting yake (kiwango cha ulemavu) asilimia 70. Watoto wawili, wote bado shule. Mi huo muda wote nilikuwa namfuata kila anakohamishwa, napata kazi, nikianza kuzoeleka tu barua ya uhamisho hiyo, naacha, kwa hiyo akiba ya uzeeni ya kwangu mwenyewe ni ya kuchekesha.

Sasa karatasi za talaka ameshafungua yeye na ananiambia vitu vitatu. Kwanza hela ya VA jaji yeyote hawezi kuigusa. Pili pensheni sina changu kwa sababu ndoa haikufikisha miaka 10 akiwa jeshini. Tatu nisiwe na wasiwasi na bima ya matibabu, nitaendelea nayo kupitia watoto. Rafiki yangu mmoja naye anasema si kweli, sheria ni nusu kwa nusu ya kila kitu. Nani wa kumwamini hapo? Halafu uraia sijachukua, nina green card tu ya miaka 10.

jembe_la_kale

Pole dada. Kwenye miaka 10 jamaa yuko sahihi, hiyo ndo sheria yenyewe, chini ya hapo hupati kitu. Ungevumilia mwaka mmoja mbele kabla hajastaafu.

Mama_Mafaili

Jembe samahani lakini hapo unampoteza mwenzio. Nimefanya kazi na mawakili wa mambo ya ndoa karibu na kambi ya jeshi muda mrefu na huu uzushi wa miaka 10 ndo unaowanyima wanawake wengi haki zao, wanasaini tu kwa sababu mume kasema.

Dada Msafiri, tenganisha kwanza hizo hela mbili kichwani maana zina sheria mbili na ofisi mbili. Pensheni inalipwa na DFAS, ofisi ya malipo ya jeshi. Hela ya ulemavu inalipwa na VA. Watu wakizichanganya ndo unasikia "nusu ya kila kitu" au "hupati kitu", na yote mawili si kweli.

Pensheni: kuna sheria ya mwaka 1982 inaitwa USFSPA, ilitungwa baada ya Mahakama Kuu ya Marekani (ile ya juu kabisa nchini) kusema mwaka 1981 kwenye kesi ya McCarty kwamba majimbo hayana ruhusa kugawa pensheni ya jeshi kwenye talaka. Bunge likaona hapana, likawapa majimbo ruhusa. Angalia neno hilo, ruhusa. Sheria haikupi nusu wala robo, inasema tu mahakama ya jimbo INAWEZA kuichukulia kama mali ya ndoa. Na haina kima cha chini cha miaka ya ndoa. Mtu wa ndoa ya miaka 4 anaweza kugawiwa.

Sasa miaka 10 imetoka wapi? Imetoka kwenye namna ya KULIPWA. Kama ndoa na utumishi vimekwenda pamoja miaka 10 au zaidi, DFAS inakukatia fungu lako na kukutumia wewe moja kwa moja. Isipofika, kama yako ya 9, fungu lako linabaki kuwa lako vilevile kama jaji ameamuru, ila anatakiwa akulipe yeye mwenyewe kwa mkono wake kila mwezi, na asipolipa unarudi mahakamani kumshtaki kwa kukaidi amri. Ni usumbufu ndiyo, ila kukosa haki ni kitu kingine kabisa.

Mfano wa hesabu, majimbo mengi yanafuata hivi: miezi ya ndoa akiwa kazini ni 108, miezi yote ya utumishi ni 252. 108 kwa 252 ni kama asilimia 43 ya pensheni ndo ya ndoa. Nusu yake ni asilimia 21 na kidogo. Tuseme pensheni inayogawika ni dola 2,000, fungu lako linakuja kama dola 428 kwa mwezi, kila mwezi akiwa hai. Hiyo si hela ya kusamehe eti kwa sababu kakwambia miaka haikufika.

Kombati_Mstaafu

Mi ni veterani na nimeshapitia talaka, naongea kwa upande wa pili ili dada ajue mwenzie anafikiria nini. Hela ya VA ni ya mgongo wangu na masikio yangu, nimeumia mimi, sio mali ya ndoa. Na sheria inakubaliana na mimi kabisa, Mahakama Kuu ilishasema mwaka 1989 kwenye kesi ya Mansell. Hapo mumeo hajakudanganya.

Lakini kaka yangu (namwambia mumeo kama anasoma) watoto ni kitu kingine. Mimi jaji alichukua pensheni na VA yote akajumlisha, akasema hiki ndo kipato chako, matunzo ya watoto ni kiasi hiki. Nilichemka siku ile. Baadae nikatulia, nikaona watoto hawali asilimia za reting.

Na nyumba, kama mliinunua kwa mkopo wa VA na dada ndo anabaki nayo, ule mkopo una jina la mume na haki yake ya mkopo inabaki imefungwa humo mpaka deni liishe au likopwe upya kwa jina la dada. Wengi wanagombana hapo miaka baadae mume akitaka kununua nyumba nyingine.

Mama_Mafaili

Asante Kombati, umenirahisishia. Hiyo ya watoto ni kesi ya Rose ya mwaka 1987, Mahakama Kuu ilisema hela ya ulemavu ilikusudiwa kumtunza veterani NA familia yake, kwa hiyo jaji anaweza kuihesabu akipanga matunzo. Majimbo mengi wanafanya hivyohivyo hata kwenye matunzo ya mke. Kwa hiyo dada "jaji hawezi kuigusa" ni nusu ya ukweli: hawezi kuigawa, anaweza kuihesabu.

Na hapa ndo penye njia ya kuzunguka ile miaka 9. Kanuni ya 10 inahusu mgao wa mali tu. Matunzo ya watoto na ya mke DFAS wanakata kwenye pensheni bila kuuliza ndoa ilikuwa ya miaka mingapi. Mgao wa mali peke yake kupitia kwao hauzidi asilimia 50 ya pensheni inayogawika, ukiweka na matunzo jumla inaweza kufika 65. Kwa hiyo mwulize wakili wako kama sehemu ya unachodai iandikwe kama matunzo ya mke ili ikatwe huko huko badala ya kusubiri huruma ya mtu. Ina ubaya wake, matunzo ya mke mara nyingi yanakoma ukiolewa tena, mgao wa pensheni kwa kawaida haukomi, ndo maana nasema uulize, usiamue kwa kusoma hapa.

Jambo lingine ambalo halipendezi kulisikia. Mtu mwenye miaka 20 ya utumishi na reting ya 50 kwenda juu anapokea pensheni yake yote na VA yote, mpango unaitwa CRDP. Mumeo ana 21 na 70 kwa hiyo bila shaka yupo huko, na hiyo ni nzuri kwako kwa sababu pensheni nzima inagawika. Ila kuna mpango ndugu yake, CRSC, wa ulemavu uliotokana na mapigano na hatari za vita. Hauna kodi na HAUGAWIKI. Kama anastahili vyote viwili anachagua kimoja, na kila Januari anaruhusiwa kubadilisha. Akihamia CRSC pensheni inayogawika inapungua na fungu lako nalo linaenda chini. Zamani majaji walikuwa wanamwambia mume haya basi fidia mfukoni kwako, mwaka 2017 kwenye kesi ya Howell Mahakama Kuu ikasema mwiko, huwezi kumwamuru afidie. Iliyobaki ni kulijadili SASA kabla ya kusaini, na kumwomba jaji abakize mlango wa matunzo ya mke wazi, hata kama ni dola 1 kwa mwaka, ili kesho mambo yakibadilika uwe na pa kurudia.

Bi_Msafiri

Jamani Mungu awabariki, hapa nimekaa na kalamu. Mama Mafaili, nimechungulia karatasi yake ile ya kila mwezi ya malipo ya pensheni. Juu kuna jumla, chini kuna sehemu imeandikwa SBP, pembeni "spouse and child", kuna makato kila mwezi, halafu kuna asilimia 55 na tarehe yangu ya kuzaliwa. Nilipomuuliza akasema hayo ni ya bima ya maisha yatajirekebisha yenyewe. Hii ni nini? Na lile la bima ya matibabu hamjanijibu.

Mama_Mafaili

Dada hapo kwenye SBP ndo nataka utulie kabisa, kuliko hata hiyo asilimia 21. Mgao wa pensheni unakufa siku anapokufa yeye. Yani akifariki mwaka ujao, dola zako 428 zimezikwa naye. SBP, yani malipo ya kila mwezi kwa anayebaki hai mstaafu akifa, ndo kitu pekee kinachobaki: anayekatiwa anapata asilimia 55 ya kiasi kilichowekewa mkataba, maisha yake yote. Kama kiasi ni 2,000, makato ya mke ni asilimia 6.5 yani dola 130 kwa mwezi, na wewe ungepata 1,100.

Hilo neno spouse unaloliona pale linakufa na talaka. Halijirekebishi kuja kwako, linajirekebisha kwenda kwa mke mwingine kama ataoa. Ili ubaki lazima kibadilishwe kuwa mtalaka, "former spouse", na kuna saa inahesabu: yeye ana mwaka 1 tangu talaka kupeleka uchaguzi huo. Wengi hawapeleki, wengine kwa makusudi wengine kwa uzembe. Kwa hiyo sheria inakupa na wewe njia yako, unapeleka mwenyewe DFAS fomu DD 2656-10 pamoja na amri ya mahakama inayosema upewe SBP, ndani ya mwaka 1 tangu amri hiyo ilipotoka. Ukipita mwaka, hata amri iwe na mihuri minane, hutaipata. Nimeona mama mmoja amekuja na hukumu yake nzuri kabisa imeandikwa SBP ni yake, wakili wake alifunga faili akaenda zake, hakuna aliyepeleka fomu. Mume akaoa, akafa, hela ikaenda kwa mke mdogo. Hatukuwa na la kumfanyia.

Kwa hiyo mambo mawili: SBP itajwe kwa jina kwenye hukumu, na fomu uipeleke WEWE wiki hiyohiyo, usimwachie wakili wala mume. Na ujue haigawanywi kati ya mtalaka na mke mpya, ni mmoja tu, ndo maana atapigana nayo. Ukiolewa tena kabla ya miaka 55 inasimamishwa, na hiyo ndoa ikiisha unaweza kurudishiwa.

Bima: hapo mumeo kakosea wazi, sijui kama anajua au hajui. Watoto wake wanabaki na TRICARE, bima ya matibabu ya jeshi, wewe unatoka siku talaka inapokamilika. Mtalaka anabaki nayo kamili kama ndoa miaka 20, utumishi 20 na vyote vimekwenda pamoja 20. Vikienda pamoja 15 mpaka chini ya 20 unapewa mwaka 1 wa mpito. Wewe 9, hupo. Una siku 60 za kujiunga na CHCBP, bima ya mpito ya kulipia, inaweza kukubeba mpaka miezi 36, ila bei yake shikilia moyo. Au uingie soko la bima la serikali, huko nako kupoteza bima ni sababu ya kufunguliwa dirisha la siku 60. Linganisha bei kabla hujaingia, wengi wa kipato kidogo wanapata nafuu huko sokoni.

Kombati_Mstaafu

Naongezea kitu cha mume. Sisi wenye reting kuanzia 30 tunaongezewa hela ya VA kwa sababu ya mke. Talaka ikitoka lazima aripoti, fomu 21-686c au mtandaoni. Asiporipoti VA wakija kugundua wanadai yote ya nyuma na wanakata kwenye malipo. Hilo deni ni lake si lako, ila likianza kukatwa usishangae anakuja kulia matunzo yapunguzwe.

shangazi_wa_mbali

Mbona hakuna aliyemwambia hili, miaka 10 yenye faida kwako dada ipo sehemu nyingine! Social Security, mafao ya uzeeni ya serikali. Ndoa ikidumu miaka 10, na nyinyi mna 13, ukifika miaka 62 ukiwa hujaolewa unaweza kudai kwa jina la mtalaka wako, mpaka nusu ya stahili yake ya umri kamili kama ya kwako ni ndogo. Yeye hapungukiwi hata senti na mkewe mpya hapungukiwi. Jaji haihusu kabisa. Ni hii ndo naona watu wanaichanganya na ya jeshi.

Kuhusu uraia, ile njia ya miaka 3 ni ya anayeishi na mume raia, ukiachika imekwisha. Ila ukishatimiza miaka 5 ya green card unaomba kwa miguu yako mwenyewe, na kadi ya miaka 10 haifi kwa sababu ya talaka. Usikubali kutishiwa na hilo hata siku moja, tumeona wanaume wanalitumia kama fimbo. Na kama yeye ndo alikusainia ile I-864 ya kukudhamini, talaka haimwondoi, anabaki amefungwa mpaka uwe raia, au Social Security wakuhesabie robo mwaka 40 za kazi, au uondoke nchini moja kwa moja, au mmoja wenu afe. Mwambie wakili wako.

nuru_ya_jioni

Naomba kudandia. Mimi mwenzenu hatujaachana kwa karatasi, tumetengana tu muda mrefu, yeye alianza kunipiga nikaondoka. Ni veterani, VA wamempa 100 ya kudumu na mimi natumia CHAMPVA, bima ya matibabu ya VA kwa familia za maveterani, mpaka leo. Ndugu zangu wanasema nidai talaka nimalizane naye. Nikidai napoteza nini?

Mama_Mafaili

Nuru pole sana. CHAMPVA inakoma siku talaka inapokamilika, haina kanuni ya 20 wala mpito mrefu. Na kama unatumia hela ya masomo ya mke wa veterani wa 100, Sura ya 35, nayo kwako inakoma, kwa watoto inabaki. Kubwa zaidi ni ile hela ya mjane, DIC. Aliyepewa talaka si mjane machoni pa VA. Ila aliyetengana anaweza kuhesabiwa mjane kama kutengana kulitokana na kosa la veterani na si lake. Kipigo ni sababu inayoeleweka kabisa, kwa hiyo kila ulichonacho, ripoti ya polisi, amri ya zuio, karatasi za hospitali, viweke mahali yeye hafiki. Sikwambii ubaki ndani ya hiyo ndoa. Nakwambia usiende mahakamani kabla hujajua bima utatoa wapi siku inayofuata.

jembe_la_kale

Mafaili swali, GI Bill, ile hela ya masomo ya wanajeshi, aliyomhamishia mke inakuwaje?

Mama_Mafaili

Kama ni ile ya baada ya 9/11, sheria inasema si mali ya ndoa. Talaka yenyewe haimnyang'anyi mke, ila aliyehamisha anaweza kuirudisha au kubadilisha miezi wakati wowote. Kwa hiyo kama unasoma kwa hiyo hela maliza muhula kwanza ndo mpandishane sauti. Kwenye makubaliano unaweza kuomba iandikwe kwamba ataiachia watoto.

Bi_Msafiri

Wakuu nimeongea na wakili leo, wa kwangu sasa, si yule aliyependekezwa na mume. Ameuliza kitu sikukitegemea, mume anaishi jimbo gani kwa sasa, maana alihama miezi iliyopita na kesi kaifungua huko alikohamia.

Mama_Mafaili

Kakuuliza vizuri, mshike huyo. Pensheni ya jeshi inagawiwa tu na mahakama ya jimbo ambalo ni makazi yake ya kudumu, au anakoishi si kwa kupangiwa kazi, au akikubali mwenyewe. Ukifungua kesi kwenu huku yeye hayupo na hakubali, jaji wenu anaweza kuwavunjia ndoa na kukupa watoto lakini pensheni asiweze kuigusa. Kwa vile yeye ndo kafungua huko aliko, hapo kajiingiza mwenyewe. Jibu ndani ya muda ulioandikwa kwenye wito na dai la pensheni na SBP liwemo kwenye jibu la kwanza, usisubiri.

Ukishapata rasimu ya hukumu leta hapa ile aya ya pensheni tu, futa majina na namba zote. Kama fungu limeandikwa kwa kanuni, nataka kuona idadi ya miezi 108 imo, maana bila hiyo namba fungu lako halihesabiki.

Bi_Msafiri

Sawa mama, nitaileta. Muda wa kujibu wito unaisha Alhamisi.